Beringi Nane za Daktari Mburu

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Kamande katika shamba lake la Gatuanyaga, na watu walicheka mazishini. Sisemi kwa lawama. Mtu akifa ana miaka themanini na ushei, watoto wamesimama kwa miguu yao na wajukuu wamejaa hemani, kicheko hupata nafasi. Aliyekileta ni Daktari Mburu, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo lakini sauti yake bado ni ile ya kuita ng'ombe. Alishika maikrofoni akasimulia jinsi Kamande alivyomfungia landrova yake beringi ya zamani, kisha ile mpya akamrudishia kwenye gunia la spea zilizochakaa, imeoshwa safi. "Macho yalikuwa yameisha na hatuambii," akasema, "lakini fundi kama huyo sijapata mwingine." Hema zima likacheka. Mama Ciru, mjane wake, alicheka pia, akajifuta macho kwa leso. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, kijitabu cha ratiba magotini, picha ya Kamande ikinitazama. Beringi ile niliichanganya mimi. Kwa miaka thelathini na kitu hadithi hii imezunguka Thika na Ruiru ikiwa na jina la mtu mwingine, na siku ile, mwenyewe akiwa ndani ya sanduku hatua chache mbele yangu, bado sikusimama.

Basi niiandike, kwa kuwa kuandika ni rahisi kuliko kusimama. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kozi ya umakanika, na kwa miezi saba nilikuwa nimezunguka gereji zote kutoka Githurai hadi Thika nikiambiwa nirudi wiki ijayo. Nilipanga chumba kimoja Mwihoko, kitanda upande huu, jiko upande ule, katikati pazia la maua lililonifanya nijione nina nyumba ya vyumba viwili. Siku niliyofika uani kwa Kamande, Ruiru, nyuma ya maduka karibu na reli, sikuulizwa cheti. Alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, mtu mpana, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alinipa beringi iliyojaa kutu, ile pete ya chuma ambayo gurudumu huzungukia, akaniambia nisome namba. Namba za beringi huandikwa ukingoni, ndogo ndogo, na ile ilikuwa imekaribia kufutika. Nikaisugua kwa shati langu, nikaisoma. Akanipa nyingine, nikasoma. Akaniuliza jina, nikasema Thoni, akasema nije kesho saa mbili. Nilirudi Mwihoko nikijisifu kwamba hatimaye mtu ameona ujuzi wangu. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwamba hakuwa akipima ujuzi, alikuwa akitafuta macho.

Yake yalikuwa yanaenda. Alianza kupoteza katikati, alinieleza baadaye, akabaki anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukuona vizuri aligeuza uso akatazama bega lako. Wateja walidhani ni majivuno. Yeye aliwaacha wadhani hivyo, maana fundi mwenye majivuno hupata kazi na fundi kipofu hapati. Alifanya kazi kwa mikono. Angeweka kiganja juu ya ekseli ya mbele, mtu mwingine azungushe gurudumu polepole, kisha aseme ni ya ndani au ya nje, kushoto au kulia, na tukifungua tunakuta ni hivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa landrova na pikapu za four-wheel, za wakulima na maofisa wa mashambani, magari yaliyorudi kutoka barabara za Gatuanyaga na vumbi hadi ndani ya taa. Barabara zile zilikula beringi, sili, nati za magurudumu, kila kitu kinachoishi mwisho wa ekseli. Sisi tulibadilisha, wao wakaenda kuziharibu tena. Nilipenda kazi ile kwa namna ambayo sijawahi kueleza mtu bila kuonekana mjinga. Nilipenda hata harufu ya mafuta ya taa kwenye nywele zangu Jumapili kanisani, ingawa mama mmoja aliwahi kuhama benchi.

Tulikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyotuangusha. Wakati ule, na hata sasa, mwenye gari hamwamini makanika. Anajua amenunua spea mpya, lakini ana hakika gani kama zimefungwa kwenye gari lake, hazijauzwa kwa jirani? Kwa hiyo hudai arudishiwe zile za zamani, azihesabu. Gereji nyingi humtupia mteja vyuma vyake vikiwa na grisi nyeusi ndani ya mfuko wa sukari. Kamande aliona hiyo ni aibu. Kwetu spea ya zamani ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikapanguswa hadi chuma kikaonekana, ikawekwa ndani ya boksi la ile mpya, na mteja akaoneshwa mahali ilipoliwa. Na ile mpya nayo ilioshwa, kwa kuwa hakuamini mafuta ya kiwandani yaliyokaa na vumbi la stoo. Kuosha ilikuwa kazi yangu. Nikimaliza nilitandaza gunia safi juu ya meza ya kazi, nikazipanga: mpya kulia, za zamani kushoto. Yeye akija alinyoosha mkono kulia. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno kwamba nitaona kwa niaba yake. Nilipanga tu, naye akanyoosha mkono tu, na tukakaa miezi mingi bila mmoja wetu kutaja macho.

Meza ile ile ndiyo tuliyolia chakula. Uani kwetu hapakuwa na nyingine. Saa saba Mama Wambui, mwanamke wa chakula, alifika na sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe, imefungwa kwa leso, wakati mwingine mukimo wa viazi vilivyopondwa, Ijumaa viazi vitamu na chai. Ikabidi kila mtu asogeze alichonacho, sahani zipate mahali. Mama Wambui hakuwa na ubaya, ila hakukubaliana na mimi kuwa pale. Kila siku alinitazama mikono, akatikisa kichwa, akanipakulia kwa huruma, na huruma hiyo niliila yote kwa kuwa iliongeza maharagwe.

Landrova ya Daktari Mburu ililetwa Jumatano. Alikuwa kijana bado wakati ule, mkali, daima amechelewa kwa ng'ombe wa mtu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanacheza, ya nyuma yananguruma, na Kamande aliweka kiganja akasema beringi zote nane zitoke, mbili kila gurudumu. Alhamisi asubuhi nilitumwa Thika kwa Bwana Premji, aliyekuwa na duka la spea na ambaye hakunipa beringi mpaka nimsomee namba ya ile ya zamani mara mbili, yeye akifuata kwa kidole kwenye kitabu chake. Nilirudi na nane. Nikaziosha, nikaosha na zile nyingine nane, nikazipanga juu ya gunia, kulia na kushoto. Mama Wambui akafika. Nikashika gunia kwa pembe nne nilisogeze mwisho wa meza, na beringi zikaanza kuviringika, mbili zikaanguka chini, moja ya kila upande.

Zingeanguka siku nyingine yoyote ningezipanga upya moja moja. Lakini wakati huo huo Mama Wambui alikuwa ndani ya stoo akimpakulia Kamande, na nikamsikia akisema, kwa sauti anayodhani ni ya chini, kwamba huyu msichana angepelekwa kujifunza kusuka nywele kabla hajazeeka humu. Nikasimama nisikie jibu. Nakumbuka nilikuwa na beringi mkono huu na nyingine mkono ule. Kamande alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Mama Wambui, huyo ndiye macho yangu. Akienda kusuka nywele mimi nitafunga." Hakuna mtu aliyewahi kusema neno zuri namna hiyo juu yangu, na alikuwa akilisema mahali ambapo hakujua nasikia, ndiyo maana lilikuwa la kweli. Nikaziweka zile beringi mbili juu ya gunia, moja hapa, moja pale, kichwa kikiwa mawinguni, nikaenda kula nikitabasamu peke yangu. Mpaka leo najua kwamba sifa ndiyo iliyoniharibia kazi. Matusi nilikuwa nimeyazoea, yasingenitikisa.

Mchana huo Kamande alifunga. Ninakumbuka, na ningependa nisikumbuke, kwamba alipofikia gurudumu la mbele kulia alisita. Aliishika beringi ya nje kabla ya kuipaka grisi, akaizungusha karibu na sikio, akaiweka chini, akaichukua tena. Nikamuuliza kama kuna shida. Akasema hakuna. Akapaka grisi, akaifunga. Jioni Daktari aliondoka na gunia lake la spea za zamani, zimeoshwa, ziko kwenye maboksi yake.

Alirudi baada ya siku tisa, akivutwa na trekta la mtu. Beringi ilikuwa imekauka barabarani huko Gatuanyaga, ikapasuka, gurudumu likalala, gari likaingia mtaroni. Yeye aliumia bega tu. Lakini alikuwa anaenda kumzalisha ng'ombe wa mama fulani, akamaliza safari kwa miguu, na alipofika ndama alikuwa amefia tumboni. Alitueleza hayo kwa utulivu, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. Kisha akatandaza gazeti juu ya meza, akaweka vipande vilivyoungua, na kando yake beringi nzima inayong'aa aliyoitoa kwenye lile gunia la spea za zamani. Ilikuwa mpya. Mtoto angeona ilikuwa mpya.

"Fundi, hii ni nini?" akauliza.

Kamande akageuza uso, akatazama bega la Daktari. Daktari akaisogeza karibu. Kamande akageuza uso zaidi, macho yakitafuta pembeni, na hapo wote waliokuwa uani wakaona walichokuwa wakikiona kila siku bila kukijua. Mpiga rangi wa jirani aliacha kupiga msasa. Mama Wambui aliweka sufuria chini. Daktari mwenyewe aliinua vidole viwili mbele ya uso wa mzee, akangoja, na mzee hakusema ni vingapi. Hasira ikamtoka Daktari, nikaiona ikimtoka, na mahali pake pakaingia kitu ambacho Kamande alikuwa amekikimbia miaka mitatu. "Pole, mzee," akasema. "Ungetuambia tu."

Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha kupangusia. Hakuna aliyenitazama. Mimi nilikuwa msichana wa kuosha, na msichana wa kuosha haharibu gari. Maneno yalikuwepo mdomoni, sentensi moja fupi, na niliona vizuri kitakachofuata nikiitamka: gereji zote kutoka Githurai hadi Thika zikisema, tuliwaambia nini? Nikakunja kitambaa mara mbili, nikakiweka mezani. Kamande akaenda stoo, akavaa koti, akatoka kwa hatua za mtu anayezijua njia zake, na hakurudi.

Ilikuwa wiki tatu. Nilifungua uani kila asubuhi nikafanya kazi ndogo ndogo, kubadilisha oili, kukaza nati, na kila mteja aliuliza habari za macho ya mzee, na kila mteja nilimjibu kwamba anapumzika. Hadithi ilitembea haraka. Bwana Premji alikwisha kuipata nilipoenda Thika kununua sili. Mama Wambui sasa alinipakulia bila kutikisa kichwa, akaniambia kwa upole kwamba siku zote alijua kuna kitu, na kwamba nilikuwa nimembeba mzee muda mrefu. Nikanyamaza na hilo pia. Watu husema ukweli haufi njaa. Wa kwangu ulikuwa unashiba githeri ya Mama Wambui kila saa saba, na mimi nilikonda.

Jumamosi ya tatu nilikwenda Kiganjo, alikokuwa amepanga nyumba. Sebule yake naiona hadi leo: viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, redio yenye kifuniko chake cha kufuma pia, meza ndogo iliyojaa picha ambazo hakuweza tena kuziona. Mama Ciru alinipa chai ya maziwa na nduma, akasema amefurahi nimekuja kwa kuwa mzee haongei, akachukua Biblia yake akaenda mkutano wa akina mama. Kamande alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mikono yake ilikuwa safi, kucha nyeupe. Sikuwahi kuiona hivyo, na ilinitia hofu kuliko macho.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Ikapotea. Nikasema, "Baba Ciru, ile beringi ni mimi. Zilianguka nikihamisha gunia, nikaziokota vibaya. Nikaweka ya zamani kwa upande wa mpya. Macho yako hayana makosa yoyote."

Niliendelea, nikamwambia yote, hata maneno aliyomwambia Mama Wambui na jinsi yalivyonipandisha kichwa. Nilikuwa nalia, na chai ilikuwa inapoa. Aliposikia nimemaliza aliuliza jambo moja, kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akanyoosha mkono wa kulia, akaufungua na kuufunga mbele yake.

"Nilipoishika, mkono uliniambia hiyo ni ya zamani," akasema. "Ilikuwa inakwaruza kidogo tu, hivi. Nikaiweka, nikaishika tena. Halafu nikasema, hapana, Thoni ameiweka kulia, na Thoni anaona. Basi nikajua hata mkono umeenda. Kairitu, msichana wangu, macho nilishazoea. Lakini nimekaa kwa hiki kiti wiki tatu nikijua mkono umeenda."

Nimeishi na watu wengi na nimekosea wengi, lakini sijawahi kusikia hesabu ya kosa langu ikisomwa kwa upole namna hiyo. Mimi nilidhani nimemwibia jina. Jina lilikuwa dogo. Kwa siku ishirini na moja, nikienda kazini na kurudi Mwihoko, nikipika chai nyuma ya pazia langu la maua, nilikuwa na dawa yake mfukoni na sikumpelekea.

Nikamwambia nitakwenda kwa Daktari Mburu Jumatatu asubuhi, na kwa Bwana Premji, na nitamwambia Mama Wambui mbele ya watu. Alikataa kabla sijamaliza. Alisema macho yake ni mabaya kweli, hakuna aliyemzulia, na sasa watu wamejua hawezi kuwafanya wasijue. "Lakini ukienda kwa Mburu, yeye hatasema umekosea. Atasema wanawake hawawezi. Na huyo wa Thika atasema hivyo hivyo, na hautashika spana tena hapa. Wacha ikae kwangu. Mimi ni mzee, haitanizuia kuolewa." Alicheka kidogo kwa mzaha wake, mara ya kwanza. Ningependa kuandika kwamba nilibishana. Nilibisha mara moja, kwa adabu, kama mtu anavyokataa kuongezewa chakula. Kisha nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kuwa mtu mwema. Leo nina gereji yangu Thika, na jina langu liko juu ya lango kwa herufi kubwa. Mama Ciru hakuambiwa, ndiyo maana alicheka hemani, na Daktari ameniletea magari yake yote tangu Kamande alipoacha kazi, akisema nilifunzwa na bingwa.

Jumatatu ile alikuja uani saa moja, kabla ya mpiga rangi, kabla ya Mama Wambui. Kulikuwa na pikapu ya shamba la kahawa iliyongoja wiki mbili, na nilikuwa nimekwisha kutoa beringi zake za mbele na kununua nyingine. Nikaanza kutandaza gunia. Akaniambia nisipange. Alivua koti, akageuza debe lake, akakaa, akanyoosha kiganja. "Zichanganye," akasema. "Usinipe kwa mpango."

Nikazichanganya zote, mpya na za zamani, zimeoshwa, kavu. Nikamwekea ya kwanza mkononi. Aliizungusha kwa kidole gumba, macho yametazama reli, akasema ya zamani. Ilikuwa ya zamani. Ya pili akasema mpya. Ya tatu akaishika muda mrefu, nikaanza kuomba kimoyomoyo, akasema ya zamani, lakini hii bado ingefika Gatuanyaga na kurudi. Tukaendelea hivyo, mimi nikitoa, yeye akitaja, mpaka meza ikaisha. Hakukosea hata moja. Alipangusa mikono yake, akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona. Hapakuwa na mtu mwingine uani.